Kidole Kwenye Udongo

Niliua ua kwa kulinywesha maji. Kama unasoma haya ukiwa Nairobi, pengine hushtuki. Watu wa mjini huua maua kila wiki na maisha yanasonga. Lakini mimi nilifanya hivyo Mwala, kaunti ya Machakos, mahali ambapo maji yana bei na hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Mtungi wa lita ishirini hufika kwetu juu ya punda, na mwenye punda hafanyi kazi ya bure. Mtu wa Ukambani kuua kitu kwa maji mengi ni kama mvuvi wa Lamu kuzama ndani ya karai. Majirani walicheka. Hata mimi ningecheka, kama jambo lenyewe lingeishia kwa ua.

Wacha nianze mwanzo.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sababu ni zile unazozijua: karo, mkopo uliochelewa, mtihani ambao sikuruhusiwa kuufanya kwa sababu ya deni. Muhula mmoja ukawa miwili, na siku moja nikagundua kwamba hakuna asubuhi hata moja niliyoamka nikaamua kuacha. Niliacha kwa kutorudi tu. Mwezi wa Oktoba nikafunga godoro kwa kamba, nikapanda matatu, nikarudi kwa Susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Mama yangu anafanya kazi mjini Machakos na huja Mwala Jumamosi, kwa hivyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na Susu, pamoja na mbuzi wanne ambao hawakuwahi kuniuliza mipango yangu.

Desemba, Mama alikuja na poinsetia mbili. Ni lile ambalo wengi tunaliita ua la Krismasi. Umeliona: majani mekundu juu, ya kijani chini, chungu kidogo cha plastiki kimevishwa karatasi ya dhahabu, limesimama mlangoni mwa supamaketi kuanzia mwisho wa Novemba. Alizinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara. Moja ya Susu, moja yangu. Nadhani hakujua amletee nini mtu aliyeacha chuo. Hiyo haina kadi yake dukani.

Kufika katikati ya Januari, wekundu ulikuwa umeanza kupukutika. Mama mdogo akasema, "Tupeni hayo, tutanunua mengine Desemba." Na hakuwa amekosea sana, kwa sababu ua hili linavyouzwa, linauzwa litupwe. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda miezi mitatu nikijisikia kama kitu kilichopita msimu wake, na hilo neno "tupeni" likanikaa vibaya. Nikasema ningelihamisha langu kwenye chungu kikubwa na lingeishi. Susu akasema basi naye angehamisha lake. Hakuna aliyetaja mashindano, lakini mimi nilijua ni mashindano.

Nilinunua bando la siku, nikasoma hadi usiku wa manane, kisha nikapuuza karibu kila nilichosoma. Nilichukua ndoo ya rangi ya lita ishirini, kwa sababu niliona mizizi ikipata nafasi kubwa itafurahi. Nikajaza udongo na samadi mbichi ya mbuzi. Nikaongeza konzi ya DAP iliyobaki wakati wa kupanda mahindi. Nikaliweka uwanjani kwenye jua kali, maana nani asiyejua mimea hupenda jua? Na kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nililimwagilia. Siku nyingine na jioni pia.

Susu alichukua mkebe wa Kasuku wa kilo mbili. Akautoboa chini kwa msumari, matundu sita au saba. Akachanganya udongo mwekundu na mchanga wa mtoni, akatia samadi kidogo ya zamani, ile iliyokwisha kuoza hadi haina harufu. Akakata matawi yakabaki kama shibiri moja, akaosha mikono upesi, kwa sababu utomvu mweupe wa mmea huu huwasha ngozi na ukiingia machoni utajuta. Akalipanda kwa kina kilekile lilichokuwa nacho mwanzo, akamwaga maji mara moja hadi yakachuruzika chini, akaliweka chini ya mwembe penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Halafu akaliacha.

Kuacha kwake kulikuwa hivi. Kila asubuhi akielekea kwa mbuzi alipitia pale, akatia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza, akakitoa, akakiangalia, akaendelea na safari yake. Kama kidole kilitoka na udongo umeshika, hakufanya lolote. Kama kilitoka kikavu, alirudi jikoni akaja na kikombe cha maji yaliyooshea mboga. Mimi nilimwona na nikamhurumia. Nilidhani hana mapenzi na maua.

Wiki ya tatu, yote mawili yakaanza kuangusha majani.

Hapo ndipo tulipotengana. Mimi niliingiwa na hofu, nikaongeza maji, nikaongeza na mbolea. Susu aliangalia majani yake chini akasema, "Limeshtuka. Hata wewe ulipokuja, ulikaa siku ngapi bila kula vizuri?" Akaendelea na kidole chake.

Mwanzoni mwa Machi nikaling'oa langu. Shina lilitoka bila kushindana nami. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama viazi vilivyooza, na harufu yake ilikuwa ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa juu ya kaburi.

Nilielewa baadaye kilichotokea. Mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo kuna hewa, na mizizi inaihitaji hewa hiyo kama vile inavyohitaji maji. Ukijaza nafasi zote kwa maji, unaiziba pumzi. Chungu kikubwa kupita kiasi kinazidisha balaa, kwa sababu mizizi midogo haiwezi kunywa maji yote yaliyo kwenye udongo wote ule, kwa hivyo yanakaa tu. Ndiyo maana mmea unapohamishwa unapewa chungu kinachozidi cha zamani kidogo, vidole viwili au vitatu hivi kila upande. Na mbolea inasubiri wiki kadhaa, kwa sababu mizizi iliyojeruhiwa haina uwezo wa kula na chumvi ya mbolea huiunguza. Kila kitu nilichokipa ua langu kilikuwa kizuri. Kilikuja mapema, na kilikuja kingi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni jambo jingine. Mmea unaokufa kwa kiu hulegea, majani yanageuka njano, yanaanguka. Mmea unaokufa kwa maji mengi hulegea, majani yanageuka njano, yanaanguka. Ukiwa umesimama hapo juu ukiutazama, dalili zinafanana. Mizizi ikioza haiwezi tena kunyonya, kwa hivyo mmea unakuwa na kiu huku umesimama ndani ya maji. Na mtu mwenye huruma akiona umelegea, hufanya nini? Huongeza maji.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili halikubaki kwenye ndoo.

Tangu Oktoba, Mama alikuwa akija kila Jumamosi na kitu. Jumamosi moja ni fomu ya kozi ya kompyuta. Nyingine ni namba ya simu ya mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyingine ni mchungaji, ambaye alikuja mwenyewe, akanywa chai, akaniombea nikiwa nimeshika kikombe. Katikati ya wiki zilikuja jumbe za sauti: umeamka, umekula, umempigia yule mtu, usikae ndani, toka nje, usitoke sana. Mama hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anaogopa. Aliona majani yananidondoka, akaleta maji. Na mimi kadiri alivyoleta, ndivyo nilivyozidi kulala.

Hadi hapo hadithi ni rahisi, na ungetegemea niimalize kwa kusema: waacheni watu wapumue. Kizazi chetu kimelipenda somo hilo. Tunaambiana tupeane nafasi, tulinde amani zetu, tusibebe mizigo ya wengine. Ningeandika hivyo mwezi wa Machi na ningepata wa kunipigia makofi. Tatizo ni kwamba mwezi wa Aprili nilikutana na rafiki yangu.

Tulikaa naye chumba kimoja, mabati juu na jiko la mafuta ya taa chini ya kitanda, kando ya barabara ya Thika. Nilipoondoka Oktoba yeye alibaki. Kufika Desemba alikuwa ameacha kujibu kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikajiambia jamaa anataka nafasi yake. Nikampa. Niliona status zake, vichekesho vya Arsenal na picha za machweo, nikaamini yuko sawa. Nilijivunia hata, kwamba mimi si kama Mama, mimi najua kumwacha mtu.

Aprili nilikwenda Nairobi kufuata malipo ya makala niliyomwandikia mtu. Nikamkuta rafiki yangu kituoni, amekonda. Alikuwa amefungiwa mlango na mwenye nyumba tangu Januari. Laptopu aliiuza. Alikuwa akilala kwenye saiba ya kijana mmoja wa kwao, juu ya viti viwili. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akacheka kidogo, akasema, "Wewe pia ulikuwa na zako. Halafu nilikuwa nangoja tu mtu aulize. Hata kwa makosa."

Hata kwa makosa. Nilirudi Mwala na hayo maneno kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Kwa hivyo nina maiti ya ua niliyoiua kwa kutunza sana, na rafiki niliyekaribia kumpoteza kwa kumpa nafasi. Makosa mawili yanayopingana, na moyoni yote mawili nilikuwa nayaita upendo. Swali ni hili basi: kuna tofauti gani kati ya kumwacha mtu apumue na kumtupa? Kwa nje vinafanana. Katika vyote viwili hakuna anayepiga simu. Katika vyote viwili kuna ukimya.

Nilijaribu kwanza kulijibu kwa kulifuata ua lenyewe lilikotoka. Kwao ni Mexico, ambako Waazteki waliliita cuetlaxochitl. Huko, na hata hapa kwetu likipandwa ardhini, linakuwa mti mdogo unaopita kimo cha mtu mzima. Pengine umeuona kando ya kanisa bila kujua ni ndugu wa yule wa supamaketi. Jina la poinsetia limetokana na Joel Poinsett, mjumbe wa kwanza wa Marekani nchini Mexico, aliyepeleka mimea hiyo kwao South Carolina mwishoni mwa miaka ya 1820. Bwana huyu alipenda mimea kwa dhati. Alijua kuung'oa mmea na kuuhamishia nchi nyingine bila kuuvunja mizizi. Na huyohuyo, kati ya 1837 na 1841, alikuwa waziri wa vita wa Marekani, wakati jeshi lilipowatoa Wacherokee kwenye ardhi yao kwa nguvu na kuwapeleka magharibi, na maelfu wakafa. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwonyesha mambo hayo mawili kwa pamoja, mmea na watu. Mimi yamenikaa kichwani, kwa sababu yananionyesha kwamba kujua kutunza kitu kimoja hakumfanyi mtu kuwa mtunzaji. Unaweza kuwa na mikono laini kwa unachokitaka, na mizito kwa kilichokaa mahali unapopataka.

Hata umbo lake la siku hizi lina hadithi. Kile kichaka kifupi chenye matawi mengi, kinachotosha mezani, hakikuja hivyo kutoka porini. Mwaka 1997 watafiti walithibitisha kwamba kinasababishwa na fitoplazma, aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mmea na kuufanya utoe matawi mengi. Wakulima huwaeneza kwa makusudi, kwa kuunganisha mmea wenye vimelea na usio navyo. Yaani uzuri tunaoununua ni ugonjwa uliodhibitiwa vizuri. Na vipandikizi vyake vingi hukuzwa huku kwetu, Kenya, Uganda na Ethiopia, vikakatwa bila mizizi, vikapandishwa ndege kwenda Ulaya vikaotee huko. Ni kiumbe kilichopangwa kila hatua na watu wanaokiangalia sana, lakini wanaangalia tarehe ya mauzo.

Hapo nikaona nusu ya jibu. Kuangalia peke yake hakutoshi, inategemea unatafuta nini. Nusu ya pili nilimwendea Susu.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi akizungumza na wazee wa vijijini. Alitaka kuonyesha kwamba huko wako watu wanaofikiri kwa vichwa vyao, wanaopima mila badala ya kuikariri tu. Nilimsoma mwaka wa kwanza, nikaandika insha, nikapata alama nzuri. Haikunijia hata siku moja kwamba ningeweza kumuuliza swali nyanya yangu.

Tulikuwa tunachambua pojo. Nikamwambia, Susu, utajuaje kama umemwacha mtu atulie au umemtupa? Hakuinua macho kwenye ungo. Alisema kwa Kikamba, nami nakueleza kwa Kiswahili: "Mtu akikuuliza habari zake leo, una jibu?"

Basi. Akaendelea kutoa mawe.

Nimelizungusha jibu hilo kichwani miezi minne sasa na sijapata mahali linapovuja. Kama ningeulizwa mwezi wa Februari, "Habari za yule rafiki yako?" ningesema, "Yuko poa, niliona status yake." Hilo si jibu. Status ni udongo wa juu. Udongo wa juu hudanganya: unaweza kuwa mkavu kabisa huku chini ni matope, au umelowa umande huku chini ni jiwe. Ndiyo maana kidole kinaingia hadi kiungo cha kwanza. Na kama Mama angeulizwa, "Habari za mtoto wako?" angeeleza mipango yote aliyonayo juu yangu, fomu, mjomba, mchungaji. Hilo nalo si jibu. Hizo zingekuwa habari zake yeye.

Sikiliza pia tunavyosema. Mama akitoka anamwambia jirani, niangalilie mtoto. Abiria akishuka kununua maji anamwambia aliyekaa naye, niangalilie mzigo. Hatumwambii amlishe, amfundishe, ambadilishe maisha. Tunamwambia aangalie. Lugha yetu ya mtaani imeweka utunzaji wote ndani ya jicho, kwa sababu anayeangalia kweli ataona ni lini pa kunyoosha mkono, na asiyeangalia hata akinyoosha mkono atanyoosha mahali si pake. Susu hakufanya kazi kidogo kuliko mimi. Mimi nilikuwa na ratiba: asubuhi maji, jioni maji. Ratiba haihitaji uangalie chochote. Yeye alienda kuuliza kila siku, na siku nyingi jibu likawa usifanye kitu, naye akalitii. Jaribu kutii jibu hilo mbele ya mtu unayempenda, ndipo utajua ugumu wake.

Najua utaniambia: hiyo si ndiyo ile tabia ya mashangazi? Kila harusi unaulizwa umemaliza lini, unaoa lini, unafanya kazi wapi. Kuulizwa kwenyewe kunachosha. Ni kweli. Lakini kidole cha Susu kiliingia kiungo kimoja tu. Hakung'oa mmea kila asubuhi aone mizizi imefika wapi. Kuna swali linalogusa na kuna swali linalong'oa, na ukiwa ndiye unayeulizwa unaijua tofauti mara moja. "Umelalaje?" linagusa. "Sasa mpango wako ni nini?" kwa mtu wa wiki ya tatu, huko ni kumshika shina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na alilitoa Mama mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilimweleza haya yote, ndoo, mkebe, kidole. Nilikuwa nimejitayarisha vizuri, nilijihisi mwerevu. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Akasema, "Kwa hivyo nikae kimya?"

"La, Mama. Uniulize."

"Nikuulize nini? Kila nikikuuliza unaniambia uko sawa."

Sikuwa na jibu. Udongo hauna uwezo wa kudanganya. Ukitia kidole, umelowa au haujalowa. Lakini mimi nilikuwa nimetiwa kidole mara nyingi na kila mara nikasema poa. Rafiki yangu naye, niwe mkweli, kama ningempigia Januari, angeniambia yuko poa. Sisi wote tunasema poa. Ni salamu yetu, na imekuwa pia mlango wetu wa kufunga. Mama alikuwa akimwaga maji kwa kukisia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemnyima njia ya kujua.

Kwa hivyo ule mfano wa ua, hata nikiupenda vipi, unafika mahali unaisha. Kati ya mtu na mmea, wajibu wote uko kwa mtu. Kati ya mtu na mtu, anayetunzwa naye anadaiwa kitu. Si shukrani, si matokeo, si kurudi chuo ili mzazi apate la kusema kanisani. Anadaiwa ukweli kidogo, kiasi cha kiungo kimoja cha kidole. Bila huo, hata mwenye upendo mwingi anafanya kazi gizani.

Nikamwambia Mama kwamba silali. Kwamba saa tisa za usiku huwa naamka nikihesabu wenzangu watakaovaa joho. Kwamba fomu ile ya kompyuta iko chini ya godoro na sijaichukia, bado tu siwezi kuishika. Hakusema neno. Hakutoa namba ya mtu yeyote. Alichukua kisu akaanza kumenya viazi, nami nikachukua kingine, na tulimenya viazi vya watu kumi siku hiyo ingawa tulikuwa watatu.

Tangu hapo anapiga simu Jumanne usiku. Swali ni lile moja la kulala. Siku nyingine namwambia vizuri, siku nyingine vibaya, na zikiwa vibaya anasema, "Haya, nimesikia." Mwanzoni nilidhani "nimesikia" ni kidogo. Fomu niliitoa chini ya godoro mwezi wa Julai. Nimeijaza nusu.

Ua la Susu liko hai. Limetoa matawi mapya manne na majani ya kijani kibichi, makubwa kuliko yale ya dukani. Halijawa jekundu, na sijui kama litakuwa. Ili majani yale yageuke, mmea huu unataka usiku mrefu usiokatizwa na mwanga, wiki baada ya wiki. Mwala, karibu hivi na ikweta, usiku wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, ambazo ni za kubanabana tu, halafu Mama alituwekea taa ya sola ukutani ili nisiogope. Inawaka hadi alfajiri. Hatuwezi kuizima, wezi wa mbuzi wapo. Kwa hivyo magharibi ikifika nabeba mkebe hadi nyuma ya jiko, palipo na giza, na asubuhi Susu anaurudisha chini ya mwembe, anatia kidole, anakiangalia. Mama mdogo anatuona wazimu, kusafirisha ua kama mtoto wa shule.

Rafiki yangu amepata chumba Githurai, anakaa na watu wawili. Nampigia Jumapili. Nilimwambia mapema kwamba neno poa limepigwa marufuku, akacheka, akasema basi hatakuwa na la kusema. Jumapili iliyopita alisema amechoka kuchekesha watu. Tulikaa kwenye simu dakika kumi na moja, nyingi zake kimya, salio likiisha.

Leo ni Jumapili. Nimempigia mara moja hajashika. Nitapiga tena jioni.